Fukusi na utitiri kwenye ngano na unga: namna ya kupambana nao Mombasa

Mombasa hatulimi ngano. Inalimwa Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Timau, na iliyo nyingi zaidi hushuka hapa bandarini kwa meli kutoka nchi za nje. Mkulima wa bara ana vita vyake shambani, kama vile vidukari wa Kirusi walioonekana Kenya mwaka 1995 na wanaokunja jani la ngano likawa na michirizi myeupe au ya zambarau. Hayo tumwachie yeye na bwana shamba wake. Sisi huku tunapokea ngano iliyokwisha kuvunwa, na shida yetu huanza pale inapolala: godauni la Shimanzi au Changamwe, duka la jumla, kibanda cha Kongowea, mpaka ndoo ya unga iliyo chini ya meza jikoni.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka, mama anayechoma mahamri ya kuuza, na mtu wa nyumbani anayenunua ngano ya bokoboko kabla ya Ramadhani akitaka aikute salama. Nimeanza na mambo yasiyohitaji dawa, kwa sababu hayo ndiyo yanayofanya kazi zaidi. Dawa nimeiweka nyuma, na utaona kwa nini.

Kabla ya yote, itazame chumvi yako

Wadudu wa nafaka huzaana vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 33 za Selsiasi. Hilo ndilo joto letu karibu mwaka mzima, hatuna la kulifanya. Tunachoweza kukishika ni unyevu.

Nafaka hunywa unyevu wa hewa na kuutema mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Ngano ikikaa wazi kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75, baada ya muda yenyewe itafika unyevu wa asilimia 14 au zaidi kidogo. Ngano ya kuweka tunaitaka iwe asilimia 13, na ikifika 12 ni bora zaidi. Kwa hiyo hata ukinunua ngano kavu kabisa, ukiiacha kwenye gunia wazi Mombasa itarudi kuwa mbichi bila kunyeshewa hata tone.

Kipimo cha bure kiko mezani kwako. Chumvi ya kawaida huanza kulowa pale unyevu wa hewa unapovuka asilimia 75 hivi. Ukikuta chumvi kwenye kikopo imegandamana, au imetoa majimaji chini, jua hewa ya chumba hicho inailowesha na ngano yako. Siku hizo, ambazo ni nyingi kuanzia mvua za masika mwezi wa Aprili mpaka upepo wa kusi utulie, usifungue chombo cha nafaka ovyo na usianike kitu ukakisahau nje.

Hatua ya 1: Jua ni mdudu gani

Watu wengi huwaita wote fukusi, au vidudu tu. Lakini dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, kwa hiyo chukua kiganja cha ngano, kimwage juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, utazame.

Fukusi mwenyewe ana mdomo mrefu kama mkonga, urefu wa milimita 2 hadi 3 na ushei, rangi ya kahawia inayokaribia weusi, na ukimtazama vizuri mgongoni utaona madoa manne mekundu yaliyofifia. Ukimgusa hujikunja na kujifanya amekufa. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba kitundu kwa ute wake. Punje hiyo kwa macho ni nzima. Ndani yake anakulia funza mweupe asiye na miguu, ambaye hula kiini chote, na kwa joto letu baada ya mwezi mmoja hivi anatoka akiwa fukusi kamili, akiacha tundu la mviringo. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai maishani mwake. Ndiyo maana gunia lililokuwa "safi" ulipolinunua linaweza kuchemka wadudu baada ya wiki tano, na mwenye duka akakuapia kwamba hakukuuzia wadudu. Huenda hakuwaona kweli.

Dumuzi mdogo wa nafaka ni mwembamba kama kipande cha kijiti, kichwa kimeinama chini hata ukimtazama kutoka juu hukioni. Dalili yake ni vumbi. Ngano aliyoingia huwa na unga mwingi chini ya gunia, punje zimebaki maganda yenye matundu yasiyo na umbo, na harufu tamu iliyochacha kama asali mbovu. Huyu huruka vizuri, kwa hiyo hutoka ghala la jirani akaingia lako. Usimchanganye na yule dumuzi mkubwa wa mahindi ambaye wakulima humwita Osama au Scania. Yule makao yake ni mahindi na muhogo mkavu.

Mdudu mwekundu wa unga ana milimita 3 hadi 4 na rangi ya kutu. Hawezi kuingia punje nzima. Hula unga, pumba, na chenga zilizoachwa na fukusi. Kwa hiyo ukimwona kwenye ngano ya punje, jua kuna mwenziwe aliyemtangulia. Wakizidi hutoa kemikali inayoupa unga harufu kali na rangi ya waridi, na unga huo hauandai mahamri ya maana tena. Pamoja naye mara nyingi utamkuta mdudu bapa mwembamba mwenye meno sita kila upande wa kifua, kama msumeno. Anaweza kupenya kwenye mkunjo wa paketi uliodhani umefungwa.

Nondo wa ghala utawajua kwa utando. Unga unashikana vidonge vidonge, nafaka zinaning'inia kwenye nyuzi, na vipepeo vidogo vya kijivu vinazunguka taa usiku. Anayeharibu ni kiwavi. Kipepeo mzima hali chochote, lakini anataga.

Wa mwisho nimtaje kwa ajili ya wenye magodauni: funza mwenye manyoya ya kahawia, na maganda yake ya manyoya yaliyorundikana kwenye nyufa na mishono ya magunia. Ukimwona anayeshabihi huyo, usifagie ukanyamaza. Yuko mdudu aitwaye khapra, ambaye nchi nyingi zimemwekea karantini. Funza wake anaweza kujificha ufani miaka kadhaa bila kula, na dawa nyingi humpita. Chukua wachache kwenye chupa yenye mfuniko uwapeleke KEPHIS, shirika linalokagua mimea na nafaka zinazoingia nchini, lina watu wake hapa bandarini.

Utitiri nitaueleza peke yake baadaye, maana si mdudu wa miguu sita na haupigwi kwa njia ileile.

Hatua ya 2: Kagua kabla hujalipa

Sokoni gunia limefunguliwa mdomo, na ngano ya juu imepetwa vizuri inang'aa. Usinunue ya juu. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Shee, niruhusu niingize mkono," kisha zamisha mkono mpaka kiwiko. Mambo matatu hujulikana hapo hapo.

La kwanza ni joto. Wadudu wengi wakiwa pamoja hupumua na kutoa joto, kwa hiyo katikati ya gunia ukihisi uvuguvugu unaozidi hewa ya nje, liache. La pili ni vumbi. Toa mkono uutazame, na ukiwa umepakaa unga mweupe wakati unanunua ngano nzima, kuna anayesaga humo ndani. La tatu ni harufu: uchachu, uvundo wa ukungu, au utamu usioeleweka.

Ukifika nyumbani fanya jaribio la maji kwa kikombe kimoja. Mimina punje kwenye bakuli la maji, koroga, subiri kidogo. Punje nzima huzama. Zilizoliwa ndani huelea. Wenye kupika bokoboko wanalijua hili kwa mazoea, kwani wakati wa kuosha ngano hutupa zinazoelea, lakini wachache hufikiria kwamba zile zinazoelea ndizo habari ya gunia lote. Chukua moja ipasue kwa ukucha. Ukikuta funza mweupe amejikunja humo, basi kila kilo uliyonunua ina wenziwe wanaosubiri siku zao. Hapo rudisha kama muuzaji ni mtu wa kurudishiwa, au nenda Hatua ya 4 siku hiyo hiyo.

Kwa paketi za unga, tazama mkunjo wa chini na mshono wa beli. Vinu vikubwa huwa na mashine ya kuupigiza unga kwa kasi ili mayai yavunjike, na unga hupita kwenye chekeche nyembamba kabla ya kufungwa. Kwa hiyo mdudu wa kwenye paketi mara nyingi ameingia baadaye, dukani au stoo. Nunua duka ambalo mzigo wao unakwenda haraka. Duka lenye vumbi juu ya paketi za unga limekueleza kila kitu.

Hatua ya 3: Pima ukavu

Mwenye biashara anunue kipima unyevu. Bei yake ni ndogo kuliko magunia mawili yaliyoharibika. Wa nyumbani atumie chumvi tena, safari hii ndani ya chupa.

Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Chumvi yetu ya Pwani mara nyingi imelowa tayari, kwa hiyo ikaange kidogo kwenye sufuria kavu mpaka itiririke, uiache ipoe. Jaza ngano theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja au mbili, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za kioo, ngano ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na haifai kufungwa popote. Ikianguka yote chini, iko chini ya 15. Hiyo bado si 13 tunayoitaka, kwa hiyo hata ikifaulu, ianike. Ukishaizoea, meno yako yatakusaidia: punje kavu hukatika kwa mlio, mbichi hubonyea.

Hatua ya 4: Ua waliomo, wakiwemo usiowaona

Kupeta kwa uteo na kuchekecha kunaondoa wadudu wazima na punje nyepesi. Kufanye kwanza, juu ya turubai mbali na stoo, na kile ulichokitoa usikimwage ukutani. Lakini mayai na funza walio ndani ya punje hawatoki kwa uteo. Hao huuawa kwa joto au kwa baridi.

*Kwa jua.* Kuanika juu ya jamvi peke yake kunakausha na kuwafukuza wazima, ambao hutambaa mpaka ukutani wakarudi jioni. Ili waliomo ndani wafe, ngano inahitaji kufika nyuzi 55 hadi 60. Fanya hivi siku ya jua kali, kaskazi ndiyo msimu wake:

1. Asubuhi anika ngano wazi kwa saa mbili tatu ili unyevu utoke. Usiruke hatua hii, maana ukiifunika ikiwa mbichi itatoka jasho.
2. Kuanzia saa tano hivi, ihamishie juu ya nailoni nyeusi, iliyotandikwa juu ya maboksi au magunia ili joto lisipotelee kwenye zege. Itandaze unene wa sentimita 2 au 3, si zaidi.
3. Ifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na kandokando uikandamize kwa mawe.
4. Iache mpaka saa nane au saa tisa. Kama una pimajoto, lichomeke katikati ya nafaka. Ukishapata nyuzi 60 kwa saa nzima, kazi imekwisha.
5. Funua, iache ipoe kivulini, kisha ifunge siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Ngano iliyolala nje Mombasa inaamka imelowa.

Dari tambarare za Mji wa Kale na ghorofa za Majengo zinafaa sana kwa kazi hii, ila kunguru watakuwa wageni wako, kwa hiyo asikosekane mtoto wa kulinda. Ngano iliyopata joto hili haifai kwa mbegu, lakini kwa bokoboko na kusaga haina neno.

*Kwa friza.* Hii ndiyo njia ya unga, na ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba yoyote yenye friza. Paketi ikifika nyumbani itie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, uiweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Siku nne zingetosha kama baridi ingefika katikati mara moja, lakini paketi ya kilo mbili huchelewa kupoa moyoni. Stima zikikatika nusu siku, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usiifungue. Iache na mfuko wake mpaka ilingane na joto la chumba, pengine kutwa nzima, kwa sababu ukifungua paketi baridi katika hewa yetu, umande utatua juu ya unga na utakuwa umekaribisha ukungu.

Unga wa mahamri au chapati usiupashe kwenye oveni kujaribu kuua wadudu. Moto ukizidi kidogo, unga hukosa mvuto wake na donge halivutiki.

Hatua ya 5: Safisha makazi kabla ya kurudisha kitu

Mdudu anayekushinda mara nyingi hayuko kwenye gunia jipya. Yuko kwenye kijiko kimoja cha unga kilichobaki kwenye ufa wa rafu tangu mwaka jana. Toa kila kitu. Piga brashi nyufa, pembe, nyuma ya mbao, chini ya paleti, na kwenye mishono ya magunia matupu. Magunia ya zamani yachovye kwenye maji ya moto yanayochemka kisha yakauke juani, au yatupe. Ziba nyufa za ukuta kwa saruji. Kilichofagiwa kichome au kitie kwenye mfuko uliofungwa, kiende na taka siku hiyo.

Ndoo na makopo yaoshe kwa maji ya moto na sabuni. Ukingo wa ndani wa kifuniko ndipo mayai yanapojificha. Upitishe mswaki wa zamani. Kisha yakauke kwelikweli, hata kama ni siku nzima juani.

Usiongeze unga mpya juu ya wa zamani. Najua ndoo inaonekana iko nusu na paketi iko mkononi, lakini hivyo ndivyo wadudu wanavyorithishwa kutoka mwezi hadi mwezi. Maliza, osha, kausha, ndipo ujaze.

Hatua ya 6: Funga hewa isipite

Kwa hewa yetu, hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, kwa kuwa inafunga njia ya mdudu na njia ya unyevu kwa pamoja. Ndani ya chombo kisichopitisha hewa, wadudu waliobaki huvuta oksijeni iliyomo mpaka ipungue sana, wakaacha kula, wakaacha kuzaa, kisha wakafa. Hakuna dawa iliyohusika.

Kwa magunia, iko mifuko ya tabaka tatu ijulikanayo kama PICS: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, na kiroba cha nje cha kulinda. Ilianzia Cameroon kwa ajili ya kunde miaka ya 1980 na siku hizi inauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kabla ya kujaza, pulizia hewa kila nailoni kama puto, ubane, usikilize kama inavuja. Jaza ngano kavu iliyopoa, shindilia, kamua hewa yote, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba ya mpira kwa nguvu. Rudia kwa ya pili, kisha kiroba. Usifungue kwa mwezi wa kwanza. Kila ukifungua kuchungulia unawapa pumzi mpya.

Adui wa mifuko hii ni panya. Kitundu kimoja tu na kazi yote imepotea, kwa hiyo iweke juu ya paleti, mbali na ukuta, na panya washughulikiwe kwanza.

Kwa nyumbani, mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia unatosha sana. Hubeba karibu kilo 15 za ngano. Uoshe mpaka harufu ya mafuta iishe, ukauke, ujaze mpaka juu kabisa ukiutingisha ngano ishuke, maana nafasi iliyobaki ni oksijeni. Funga kifuniko juu ya kipande cha nailoni. Kama unachota kila wiki, gawa: mtungi mmoja wa kuchotea, mingine isiguswe.

Ngano mbichi usiifunge hivi kamwe. Itachacha, itanuka kama togwa, na hutaweza kuirudisha.

Na mwarubaini, karafuu, pilipili kavu?

Utaambiwa na kila bibi, na si uongo mtupu. Majani makavu ya mwarubaini yana viini vinavyomchukiza mdudu na kumvuruga asizae vizuri. Karafuu na majani ya bay vina harufu asiyoipenda. Lakini harufu haimfikii funza aliye ndani ya punje, na hufifia. Viweke ukipenda kwenye rafu na karibu na vifuniko, kama nyongeza. Usivitegemee kwenye gunia ambalo tayari limeingiliwa.

Udongo wa diatomi, ambao unachimbwa hapa hapa Kenya huko Kariandusi karibu na Gilgil, ni jambo jingine. Unga wake laini hunyonya nta iliyo kwenye ngozi ya mdudu mpaka akakauka. Bara kwenye ukavu unafanya kazi nzuri. Huku kwetu hewa yenye unyevu humrudishia mdudu maji anayopoteza, kwa hiyo nguvu yake hushuka. Ukiutumia, uwe ule uliosajiliwa kwa nafaka, si wa viwandani, na ufunge pua na mdomo unapouchanganya.

Dawa, na vidonge ambavyo havifai kuingia nyumbani

Unga hauchanganywi na dawa yoyote. Hata kidogo.

Ngano ya punje inayowekwa miezi mingi inaweza kuchanganywa na dawa ya unga iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, kwa ajili ya nafaka zilizohifadhiwa. Soma kibandiko: kipimo kwa gunia, na muda wa kusubiri kabla ya kula. Dawa ya shambani ya kunyunyizia mboga si dawa ya ghala, hata muuzaji akisema ni ileile. Na dawa hizi hazisafishi ngano iliyokwisha kuliwa ndani. Zinalinda iliyo safi.

Sasa vile vidonge. Vinauzwa kwa majina mbalimbali, ndani yake mna alumini fosfaidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Inaua mdudu ndani ya punje, ndiyo maana magodauni hufukiza kwayo. Inaua mtu pia, na dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Wapo wanaovinunua kimoja kimoja kwenye karatasi wakavitia kwenye gunia chumbani wanamolala. Kwa nyumba zetu za Swahili zilizopakana ukuta kwa ukuta, gesi hupita kwenye ufa na chini ya mlango ikafika kwa jirani aliyelala na watoto, ambaye hana habari ya ngano yako. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza karibu na nafaka iliyofungwa, na mtu anatapika, kifua kinambana, kichwa kinauma, toeni watu wote nje na mwende hospitali mara moja mkiwaambia madaktari ni vidonge vya nafaka.

Mwenye godauni aite mfukizaji mwenye leseni, na amsimamie kwa mambo haya: turubai liwe lisilopitisha gesi, kingo zake zilaliwe na mifuko ya mchanga bila pengo, gesi ikae siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida 5 hadi 7 au zaidi, na mahali pafunguliwe papate hewa na kupimwa kabla ya hamali yeyote kuingia. Anayekuambia siku mbili zinatosha anakuibia, na zaidi ya hapo anazalisha wadudu sugu, kwa kuwa walionusurika ndio watakaozaa. Jambo la mwisho kuhusu fosfini ni kwamba ikishatoka haiachi ulinzi wowote. Siku turubai linapofunuliwa, dumuzi wa jirani anaweza kuruka akaingia.

Ghala na duka: mpangilio

Magunia yakae juu ya paleti, nusu mita au zaidi kutoka ukutani ili mtu apite na tochi. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Andika tarehe kwa wino mzito kwenye kila fungu. Mabati yanayovuja yashughulikiwe kabla ya Aprili. Kontena lililokaa juani hutoka jasho usiku na maji kudondoka juu ya magunia, kwa hiyo mzigo wa kontena kagua safu ya juu na ya pembeni kwanza.

Kila baada ya wiki mbili chota kilo moja kutoka magunia machache, chekecha juu ya karatasi nyeupe, hesabu wazima. Wiki mbili kwa sababu kizazi kizima huchukua mwezi: ukikagua kila mwezi utawakuta wameshatoka na kutaga.

Utitiri

Huu hauonekani kwa urahisi, kila mmoja karibu nusu milimita, mweupe. Dalili ni vumbi la kahawia juu ya unga au kwenye ukingo wa chombo, na ukilisugua kati ya vidole hutoa harufu kama ya mnanaa. Jaribio: weka unga kwenye sahani, usawazishe kwa kisu uwe laini kama kioo, uache kwa saa kadhaa pasipo upepo. Ukirudi ukakuta uso umevurugika, umepata matuta na mashimo madogo, kuna utitiri unaotembea.

Unahitaji unyevu. Ukiwa na hewa ya unyevu chini ya asilimia 60 hivi unakauka na kufa, lakini kwetu hewa hiyo utaipata ndani ya chombo kilichofungwa tu. Fosfini huua mkubwa na kuyaacha mayai. Ukavu na baridi ndivyo vinavyouweza.

Na hapa kuna sababu ya kutopuuza. Madaktari katika nchi za joto na unyevu wameandika visa vya watu wenye pumu au mzio wa vumbi waliokula vyakula vya unga wenye utitiri, wakavimba midomo, wakabanwa na pumzi, wengine hali yao ikawa ya hatari. Moto wa kikaango unaua utitiri wenyewe ila hauvunji kile kinacholeta mzio. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mwenye pumu, unga wa chapati ukae kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko cha kubana, na mchanganyiko wenye viungo uliofunguliwa na kukaa miezi utupwe.

Kilichokwisha kuharibika

Ngano yenye fukusi wachache ipete, itie kwenye maji, utupe zinazoelea, uipike. Haina sumu. Unga wenye rangi ya waridi, harufu kali, utando, au vumbi la kahawia la utitiri usiuchekeche ukaupikia chapati. Chekeche inatoa mdudu, haitoi alichokiacha. Ngano yenye ukungu wala kuku asipewe. Ile iliyoliwa na fukusi tu, isiyo na ukungu na isiyowahi kutiwa dawa, kuku wataila pamoja na fukusi wake, na ukiwamwagia uani wakati wa asubuhi hakuna atakayebaki kuruka kurudi stoo.